Maagizo kwa Mwinjuma, Anayebaki na Bizari

Mwinjuma, funguo ziko chini ya chungu cha mrehani.
Kesho alfajiri nakwenda Bombo, jicho la kushoto.
Siku tatu, wamesema, au tano; hospitali haina kalenda.
Unabaki na Bizari.

Usimdharau kwa kimo.
Goti langu analipita kwa masikio tu,
lakini ni simba aliyefuliwa kwa maji ya moto, akanywea.
Fundi Kihiyo wa bohari la katani alimleta kwa ajili ya panya.
Wiki ya kwanza, panya kumi na mmoja,
kawapanga mlangoni kama dagaa wa fungu.

Manyoya yake yashike kwanza, kabla hujaniambia kitu.
Unaona? Brashi. Katani tupu.
Haya hayakatwi kwa mkasi.
Binti wa saluni ya Barabara ya Kumi na Mbili
aliyakata mwaka juzi, yakaota laini kama pamba ya godoro,
mvua ikapenya hadi ngozini, akajikuna mwezi mzima.
Yanang'olewa. Kidole gumba na cha shahada,
unyoya uliokufa tu, ukifuata unakoelekea,
kama unanyonyoa kuku, ila kuku huyu anakupenda.
Miaka ishirini na miwili nilichambua singa pale Pongwe;
vidole vyangu vinaujua uliokufa bila kuuona.
Tangu Januari ndivyo ninavyoonea.

Najua dini yako. Nimekuwekea glavu.
Ndoo ya buluu ni yake, ya kijani ni yako,
na udongo safi umo kwenye kopo la maziwa,
kwa ile mara moja katika zile saba.
Pua yake ina maji na haina adabu: vaa suruali ya kazini.

Kupe, kila jioni.
Anza nyuma ya masikio, kisha kwapani,
kisha katikati ya vidole, hapo ndipo wanapojificha wajanja.
Usiwachome kwa njiti ya kiberiti kama vijana wa Chuda.
Shika kichwani, vuta polepole, tia kwenye mafuta ya taa.
Kucha zikigonga sakafu, tak, tak, zimerefuka.
Ziache. Nitakata mwenyewe.

Chakula: dona, na dagaa waliooshwa chumvi.
Mfupa wa kuku, hapana. Kitunguu, hapana, hata akililia.
Na atalilia. Ana uso wa yatima aliyelala njaa
na tumbo lililojaa tangu asubuhi.
Siku moja alikula staftahi tatu:
mimi, kisha mpwa wangu, kisha mimi tena.

Atachimba. Usimpige.
Si ukorofi, ni kazi aliyoachiwa na babu zake,
kama wewe na kukohoa kwako kabla ya kubisha hodi.
Mihogo yangu ameshaivuna mara mbili, bado vidole.
Mpe pembe ya nyuma, penye mpapai dume,
pale hakuna wa kudai hasara.

Akimwona paka wa Bi Mwanaidi, hana tena masikio.
Ita utakavyo, hata jina lake atalikana.
Tikisa kopo la dagaa. Hilo atalisikia toka Makorora.

Usiku atalala juu ya kandambili zangu.
Nimeziacha makusudi; naenda na viatu vya kanisani.

Asubuhi ya pili, akikutazama, kisha akatazama geti,
usimwambie "anakuja."
Neno hilo analijua, ataenda kukaa mlangoni nalo.
Funga komeo. Weka tofali. Weka na la pili.
Akipita, na atapita,
usihangaike kumtafuta sokoni wala relini.
Nenda Bombo, dirisha la wodi ya macho.
Utaona mchanga unaruka.
Ukuta ule aliujenga Mjerumani.
Tuone nani atachoka kwanza.